Kiatu cha Mlimani na Mashindano ya Sifa Tatu

Katika vyombo vyote ambavyo mwanadamu huvichukua kwenda navyo milimani, hapana kinachosahauliwa upesi wakati wa raha, na kukumbukwa upesi wakati wa dhiki, kama kiatu. Kamba husifiwa kwa sababu huokoa, na shoka la barafu huchorwa katika nembo za vyama vya wapanda milima. Kiatu hakichorwi. Lakini kamba hukaa begani saa nyingi bila ya kazi, na shoka hupumzika penye mwamba mkavu. Kiatu peke yake hukutana na mlima katika kila hatua, tangu bondeni hata kileleni, na tangu kileleni hata bondeni tena. Kwa hiyo historia ya upandaji wa Alps, safu ile kubwa ya milima ipitayo Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, huweza kusomwa chini ya nyayo za watu kama isomwavyo katika majina ya vilele vyake.

Kiatu cha mlimani hudaiwa sifa tatu. Ya kwanza ni mshiko, yaani kutoteleza. Ya pili ni ukavu, maana mguu uliolowa katika baridi ni mguu uliokwisha kuingia hatarini. Ya tatu ni wepesi, kwa kuwa mguu huinuliwa na kushushwa mara elfu nyingi kwa siku moja. Sifa hizi zingekuwa ndugu, kazi ya fundi viatu ingekuwa rahisi. Walakini ni mahasimu: kilichoongeza mshiko kiliongeza uzito, kilichozuia maji kilifungia jasho, na kilichopunguza uzito kilipunguza ulinzi. Kila kizazi kilipata sifa moja au mbili kwa kuitoa nyingine rehani, na mara kadhaa rehani hiyo ililipwa kwa vidole vya miguu au kwa roho za watu.

Ugumu wa Alps ni mchanganyiko wa njia zake. Msafiri aweza kuondoka alfajiri katika majani yenye umande na tope la msituni, akapita juu ya mawe yaliyovunjika yanayoserereka chini ya uzito wake, akapanda mwamba wenye vidato vya upana wa kidole, kisha akaingia katika theluji na mto wa barafu, yote hayo kabla ya adhuhuri. Theluji iliyokuwa ngumu kama jiwe alfajiri huwa uji saa sita. Tope lataka soli yenye mifereji ya kina; mwamba wataka ukingo imara wa soli karibu na kidole gumba; barafu yataka soli isiyopindika ambayo meno ya chuma yaweza kufungwa chini yake; na mawe yataka ngozi nene ya kukinga kifundo. Hapana kiatu kilicho bora katika mambo yote hayo. Achaguaye kiatu cha njia mchanganyiko huchagua pia taabu atakayoivumilia.

Jambo hili ni la kale kuliko upandaji wa kujifurahisha. Mwaka 1991, katika mpaka wa Austria na Italia, iligunduliwa maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa kadiri ya miaka 5,300. Mtu huyo, aliyepewa jina la Ötzi kwa sababu ya milima ya Ötztal alikoonekana, alikutwa na viatu. Ndani mlikuwa na wavu uliosokotwa kwa nyuzi za gome la mti, na kati ya wavu na ngozi ya nje kulijazwa majani makavu ya kuutia mguu joto. Hapo mna fikira ambayo mafundi wa karne ya 20 waliirudia kwa vitu vingine: tabaka la nje la kupambana na mlima, na tabaka la ndani la kuhifadhi joto. Majani yalikuwa mepesi, na yalipolowa yaliweza kutupwa na kubadilishwa. Mtu yule hakuwa na elimu ya viwanda, lakini aliijua haja yake.

Upandaji wa milima kama mchezo uliposhamiri katika karne ya 19, kiatu kilichotumika kilikuwa buti la ngozi nene lenye soli ya ngozi iliyopigiliwa misumari ya vichwa vikubwa. Misumari iliuma mwamba laini, ilishika udongo wenye majani, na ilikwaruza barafu kiasi cha kumpa mtu nafasi ya kusimama. Ngozi ilipakwa mafuta ya wanyama ili kukataa maji, nayo iliyakataa kwa muda, si siku nzima. Baada ya saa kadhaa katika theluji ngozi ilinywa maji, ikaongeza uzito, na usiku ikaganda. Misumari nayo ilikuwa na aibu zake: ililika, iling'oka, na kwa kuwa ni chuma ilipitisha baridi kutoka ardhini hata kwenye unyayo.

Ni katika zama hizo, tarehe 14 Julai 1865, watu saba walipokifikia kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza, nao ni Edward Whymper na wenzake. Katika kuteremka, Douglas Hadow, kijana wa miaka 19 asiye na uzoefu mwingi, aliteleza akamwangukia kiongozi Michel Croz. Kamba ikakatika, na watu wanne wakapotea. Tangu siku ile dunia imebishana juu ya kamba. Lakini kamba ilikatika baada ya mguu kuteleza. Fundisho hilo liliwaingia wapandaji polepole: ajali nyingi za mlimani huanzia chini, pale soli inapoagana na jiwe.

Jitihada ya kuongeza mshiko ilichukua njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuboresha misumari. Fundi wa Geneva, Félix Genecand, aliyejulikana kwa jina la Tricouni, alibuni misumari ya chuma kigumu yenye meno, iliyopigiliwa kando ya soli, na jina lake likawa jina la misumari yenyewe. Njia ya pili ilikuwa kuyatenga meno na kiatu, ili yafungwe penye haja na yafunguliwe haja ikiisha. Mwingereza Oscar Eckenstein, mhandisi kwa kazi yake, alichora meno ya chuma yaliyopimwa kwa hesabu, na mhunzi Henry Grivel wa Courmayeur, Italia, akayafua katika miaka ya mwisho ya mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Mwaka 1929 Laurent Grivel aliongeza meno mawili yanayochomoza mbele, yaliyomwezesha mtu kupanda ukuta wa barafu akiuelekea uso kwa uso.

Faida yake ilidhihirika Julai 1938 katika uso wa kaskazini wa Eiger, nchini Uswisi. Heinrich Harrer na Fritz Kasparek walitangulia, na Harrer hakuwa na meno ya chuma, alitegemea misumari ya viatu vyake. Basi ikawalazimu kuchonga vidato katika barafu kwa shoka, kazi ya saa nyingi. Anderl Heckmair na Ludwig Vörg, waliokuja nyuma yao na meno 12 chini ya kila mguu, waliwafikia. Wanne hao wakaungana wakaumaliza ukuta pamoja. Lakini meno ya mbele yalileta dai jipya: hayafanyi kazi chini ya soli laini, maana ikipindika, chuma hulegea au huchomoka. Tangu hapo ugumu wa soli ukawa miongoni mwa mambo ya kupimwa, nao huongeza uzito na huchosha mguu katika njia tambarare.

Wakati wapanda barafu wakiongeza chuma, wapanda miamba walikuwa wakikimbilia upande wa pili. Katika miamba ya Dolomites na ya Bregaglia ilikuwa desturi kuyaacha mabuti mazito chini ya ukuta na kupanda kwa viatu vyepesi vya kitambaa, vyenye soli ya nyuzi zilizoshindiliwa. Viatu hivyo vilishika jiwe kavu vizuri mno. Wahenga wa Kiswahili husema kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Na ni kweli, nafuu hupatikana, ila kilichomo pakachani hupungua. Katika mlima kinachovuja ni ulinzi, na upungufu wake hauonekani mpaka hali ya hewa igeuke.

Iligeuka mwezi wa Septemba 1935 huko Punta Rasica, katika mpaka wa Italia na Uswisi. Kundi la wapandaji kutoka Milano lilipanda na viatu vyepesi vya namna hiyo, likapatwa na tufani ya theluji. Viatu vilivyofaa juu ya jiwe kavu havikufaa juu ya jiwe lenye barafu, wala havikuwa na joto la kuvumilia usiku. Watu sita wakafa. Miongoni mwa waliosalimika alikuwamo Vitale Bramani, mpandaji hodari na mwenye duka la vyombo vya milimani mjini Milano.

Bramani hakuishia katika maombolezo. Alijiuliza kwa nini mtu alazimike kuwa na viatu viwili, kimoja kizito cha kukaribia mlima na kingine chepesi cha kuupanda, ilhali cha kwanza huachwa chini pale hasa ambapo huenda kikahitajiwa juu. Kwa msaada wa kiwanda cha mpira cha Pirelli alitengeneza soli ya mpira mgumu uliopikwa pamoja na kiberiti, yenye vinundu na mifereji ya kina, ikaitwa kwa Kiitalia jina la kifaru cha vita, kwa kuwa ilifanana na minyororo yake. Soli hiyo ilitoka mwaka 1937, na jina la biashara, Vibram, likaundwa kwa mwanzo wa majina yake mawili. Mpira haukupitisha baridi kama chuma, ulikuwa mwepesi kuliko misumari, ulishika mwamba mkavu, na mifereji yake ilishika tope na theluji laini. Tarehe 31 Julai 1954 Waitalia Achille Compagnoni na Lino Lacedelli walipokifikia kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, soli za Vibram zilikuwa miguuni mwao, na baada ya hapo misumari ilikwenda ikitoweka.

Hata hivyo haikutoweka bila ya ubishi, na wabishi hawakuwa wajinga. Mpira huteleza juu ya mwamba uliolowa wenye kuvu na ukungu wa kijani, na juu ya barafu tupu hausaidii kitu. Misumari ilimpa mtu mshiko mdogo kila mahali. Mpira ulimpa mshiko mkubwa mahali pengi na karibu hakuna mahali pengine. Aliyezoea misumari akavaa mpira bila ya kubadili mwendo wake, alijitia hatarini kwa chombo kilicho bora. Ndiyo sababu mpira na meno ya chuma ya kufungwa vikawa wenzi: kimoja kilikamilisha upungufu wa mwenzake.

Sifa ya mshiko ilipopata ufumbuzi, ukavu ulibaki ukilia. Tarehe 3 Juni 1950 Maurice Herzog na Louis Lachenal wa Ufaransa walikifikia kilele cha Annapurna, mita 8,091, wakawa watu wa kwanza kusimama juu ya kilele kinachozidi mita 8,000. Walikuwa wamevaa mabuti ya ngozi. Lachenal, ambaye kuongoza watu milimani kulikuwa riziki yake, alihisi njiani kwamba miguu yake inakufa ganzi, akaihofia. Walirudi wakiwa hai, lakini wote wawili walipoteza vidole vya miguu, na Herzog vingi vya mikono pia. Hakikuwa kiatu peke yake kilichosababisha, kwa maana walipotea katika tufani wakalala katika ufa wa barafu; lakini kiatu kilicholowa na kuganda kilikuwa shahidi mkubwa katika kesi ile.

Miaka mitatu baadaye, katika Everest, Waingereza walikwenda na mabuti maalumu yaliyobuniwa na wataalamu wa viatu wa Kettering, yenye tabaka nene la kuhifadhi joto na kizuizi cha unyevu. Hata hivyo asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953, katika kambi ya mwisho, Edmund Hillary aliyakuta mabuti yake, aliyoyavua usiku, yameganda kama chuma. Tenzing Norgay alikuwa amelala na viatu vyake miguuni. Hillary ikambidi kuyapasha moto juu ya jiko kwa muda mrefu hata yakalainika. Hivyo safari iliyokuja kusifiwa katika dunia nzima ilingoja unyevu mdogo uliobaki katika ngozi.

Katika miaka ya 1970 mafundi waliiga mabuti ya mchezo wa kuteleza thelujini, wakatengeneza buti la plastiki lenye kiatu kingine cha joto ndani yake, kinachoweza kuchomolewa na kukaushwa katika mfuko wa kulalia. Plastiki haikunywa maji wala kuganda. Lakini lilikuwa zito na gumu, na jasho halikuwa na pa kutokea; katika njia ndefu ya mawe lilikuwa adhabu. Ukavu ulipatikana, wepesi ukatupwa.

Ufumbuzi wa namna nyingine ulitoka Marekani mwaka 1969, Robert Gore alipovuta kwa ghafula fimbo ya plastiki iliyopashwa moto na kuona kuwa, badala ya kukatika, inatanuka na kuwa na vitundu vidogo visivyohesabika. Utando uliofanywa kwa plastiki hiyo, uitwao Gore-Tex, ulianza kuuzwa katika makoti mwaka 1976, kisha ukashonwa ndani ya viatu kama soksi. Vitundu vyake ni vidogo mno kwa tone la maji na ni vikubwa vya kutosha kwa mvuke wa jasho. Kwa mara ya kwanza ilionekana kuwa kiatu cha kitambaa na ngozi nyembamba kinaweza kukataa maji bila ya uzito.

Wanunuzi wengi huuelewa utando huo nusu. Mvuke hautoki kwa hisani ya utando, bali hutoka kwa sababu ndani mna joto na unyevu kuliko nje. Nje kukiwa na joto na unyevu vilevile, jasho hubaki. Ngozi ya nje ikilowa kabisa au ikizibwa na tope, njia ya mvuke huzibwa, na mvaaji hudhani kiatu kinavuja kumbe analowa kwa jasho lake. Na maji yakiingia kwa juu, katika kivuko cha mto au theluji ya magotini, utando uliokuwa ukiyazuia kuingia huyazuia kutoka. Kwa hiyo kiatu kisichoingia maji chahitaji kusafishwa, kupakwa dawa ya kukataa maji, na kufungiwa kitambaa juu ya kifundo penye theluji nyingi.

Wepesi nao ulipata ushahidi wa kisayansi. Majaribio yameonyesha kuwa kilo moja iliyoongezwa miguuni huzidisha nguvu itumikayo katika kutembea kwa kadiri ya asilimia 7 hadi 10, na kwamba uzito wa mguuni hugharimu mara kadhaa kuliko uzito ule ule ukichukuliwa mgongoni. Tofauti ya gramu 400 baina ya jozi mbili si jambo la dukani tu. Baada ya saa kumi ni tofauti baina ya mguu unaoinuka sawasawa na mguu unaojikwaa, na kujikwaa katika kuteremka ndiko kunakoua. Hivyo wepesi wenyewe ni aina ya usalama. Lakini wepesi uliopatikana kwa tabaka la povu la plastiki chini ya mguu una siri yake: povu hilo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu kimekaa kabatini, na baada ya miaka kadhaa soli hubanduka ghafula. Buti la ngozi la zamani lilitoa dalili za uzee wake; kiatu chepesi cha leo chaweza kuonekana kipya na kumtupa mtu katikati ya njia.

Kutokana na historia hii hupatikana kanuni za uchaguzi. Uingereza imezoeleka kupanga mabuti kwa ugumu wa soli, tangu B0 lisilofaa kufungiwa meno ya chuma, hata B3 lisilopindika, na meno yenyewe kupangwa C1 hata C3, ili kila kimoja kipate mwenziwe. Kwa njia mchanganyiko za Alps, zisizo za ukuta wa barafu wala za majira ya baridi, wengi huridhika na B1 au B2: soli ngumu kiasi, ukingo imara mbele, nafasi ya kufungia meno kisiginoni, na utando ndani. Lakini kabla ya daraja hutangulia mguu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya kiatu aijuaye mguu ulioteremka nacho. Kiatu hujaribiwa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zile zile za safari. Kisigino kisiinuke katika kupanda, wala vidole visigonge mbele katika kuteremka. Kiatu kilichosifiwa na wote kikimtia mtu malengelenge siku ya kwanza, sifa zake zote ni bure.

Nchi za Afrika Mashariki zina neno la kuongeza. Katika Rwenzori, wageni wengi na wapagazi wa Kibakonzo hupita katika mabwawa ya tope kwa gambuti, yaani mabuti ya mpira ya bei ndogo, kisha mgeni hubadilisha na kuvaa mabuti ya barafu anapokaribia kilele cha Margherita, mita 5,109. Gambuti halina utando wala jina kubwa, lakini katika tope lile hushinda viatu vya thamani mara kumi. Na katika Kilimanjaro, mgeni hupanda na viatu alivyovichagua kwa miezi, wakati mpagazi, ambaye kanuni humruhusu kuchukua hadi kilo 20, mara nyingi amepanda na raba zilizochakaa. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanzishwa mwaka 2003, huwaazima mavazi na viatu kwa sababu hiyo. Baridi haina mizani miwili. Kidole cha mchukuzi huganda kwa digrii zile zile zinazogandisha kidole cha mwenye mzigo.

Basi mashindano ya mshiko, ukavu na wepesi hayajaisha, wala hayaelekei kuisha, kwa kuwa chanzo chake ni mlima wenyewe. Kila ugunduzi ulipunguza uhasama wa sifa hizo bila ya kuzipatanisha. Ötzi alichagua majani makavu, Whymper misumari, Bramani mpira, na wa leo huchagua utando. Na kila mmoja aliacha kitu ili apate kitu. Waliodhurika mara nyingi hawakuwa waliokosa kiatu bora cha zama zao, bali waliosahau kile ambacho kiatu chao kiliwaachisha. Aulizaye kiatu kipi ni kizuri apewe kwanza swali jingine: njia ni ipi, majira ni yapi, na nani atachukua mzigo.